Asiyesikia Si Mkaidi

Lugha yetu ni tajiri, lakini pana mahali pamoja ambapo umaskini wake umewadhuru wengi. Neno "kusikia" twalitumia kwa mambo mawili: kwa kazi ya sikio, na kwa kazi ya moyo, yaani kutii. Mtu asemapo, "Mtoto huyu hasikii," wewe uliye karibu naye huwezi kujua kama amtaja mgonjwa au amtaja mtundu. Mara nyingi hata msemaji mwenyewe hajui. Na kwa kuwa kumpiga mtundu ni kazi nyepesi kuliko kumpeleka mgonjwa hospitali, shaka hiyo huamuliwa kwa fimbo.

Hatuandiki haya ili kuisuta lugha. Twaandika ili kuwasuta watu wanaojificha nyuma ya maneno. Katika pwani yetu hii, tangu Saadani hata Bagamoyo, na tangu Kaole na Mlingotini hata Bunju na Kunduchi, yako maneno matatu ambayo yakiisha kutamkwa, mwenye maradhi ya masikio amekwisha kuachwa. La kwanza husemwa juu ya mtoto: "Hasikii, ni mkaidi." La pili husemwa juu ya mzee: "Ni uzee tu huo." La tatu husemwa juu ya wote wawili: "Sikio la kufa halisikii dawa." Sisi twasema ya kuwa maneno haya yakitumiwa hivyo ni ya uongo, tena ni uongo unaoua.

Asidhani mtu ya kuwa twalikuza jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake kubwa juu ya usikivu mwezi wa Machi, 2021. Taarifa hiyo yaeleza kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wamepungukiwa na kusikia kwa kadiri moja au nyingine, na kwamba katika hao watu milioni 430 wanahitaji kutibiwa au kusaidiwa. Wengi wao hawakai katika nchi tajiri, wanakaa katika nchi kama zetu. Tena taarifa hiyo yasema kwamba karibu 60 katika kila 100 ya watoto waliopungukiwa na kusikia wamepatwa na sababu ambazo zingaliweza kuzuiwa. Soma maneno hayo mara ya pili, ndugu msomaji. Si sababu za ajabu, wala si majini. Ni usaha wa sikio, surua, matumbwitumbwi, rubela aliyoipata mama akiwa na mimba, homa ya uti wa mgongo, uzazi wa shida, na dawa kali zilizotolewa bila uangalifu.

Na tuanze na mtoto. Mtoto mwenye usaha sikioni ni jambo tunaloliona kila siku, hata tumelizoea kama tulivyozoea chunusi. Mama humfuta kwa ncha ya kanga, jirani huleta mafuta ya moto, mwingine huleta maji ya majani, na mwingine husokota unyoya wa kuku akauingiza ndani. Kisha mtoto huachwa akaoge baharini pamoja na wenzake. Watu husema, "Litakauka lenyewe akikua." Ndiyo, labda litakauka, lakini likikauka huenda kiwambo cha sikio kimetoboka, na vifupa vidogo vilivyo nyuma yake vimeliwa. Nyumba hufurahi kwa kuwa harufu imekwisha, wala hawajui ya kuwa kusikia nako kumekwisha.

Tena hiyo si hasara iliyo kubwa kupita zote. Usaha usiotibiwa hauna adabu ya kukaa mahali pamoja. Huweza kupenya katika mfupa ulio nyuma ya sikio, na toka hapo ukafika kwenye utando wa ubongo, au katika ubongo wenyewe. Hapo mtoto hupata homa kali, kichwa humwuma, hutapika, shingo hukakamaa, na asipofikishwa kwa daktari upesi hufa. Watu wakirudi makaburini husema amekufa kwa degedege, au amechezewa na watu. Hakuna anayesema amekufa kwa sikio, maana nani amepata kuogopa sikio?

Basi yatupasa kuogopa. Uvimbe nyuma ya sikio la mtoto, pamoja na homa, si jambo la kungoja siku ya gulio. Ni safari ya hospitali siku ile ile. Na sikio litoalo usaha kwa juma mbili au zaidi halitaki mafuta, wala maziwa, wala unyoya. Lataka kukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa taratibu, lataka kulindwa na maji, na lataka dawa ya tabibu. Wale wanaotembeza vichupa vya dawa za masikio sokoni, dawa wasizojua jina lake wala nguvu zake, twawaambia waziwazi ya kuwa biashara yao ni ya kuuza uziwi.

Aliyeokoka na mauti hajaokoka na fimbo. Mtoto aliyepungukiwa na kusikia haji shuleni na kibao shingoni. Huja na macho makubwa yanayotazama midomo ya mwalimu. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, mtoto huyo hubaki gizani. Akiulizwa swali hujibu jingine, na darasa zima hucheka. Katika imla huandika "tano" pahali pa "kano". Akiitwa kwa nyuma haitiki. Hutazama alichoandika mwenzake, na kwa hiyo huitwa mwizi wa majibu. Mwisho huchoka, akalala, akaitwa mvivu. Kisha huacha kuja, akaenda ufukweni kubeba ndoo za samaki, na watu wakasema, "Shule ilimshinda."

Kwa wenzetu walimu tuna neno moja gumu. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko zataka kosa liwe kubwa, na viboko visizidi vinne, na ruhusa iwe ya mwalimu mkuu. Hatukuona mahali popote ambapo kanuni hizo zahesabu sikio bovu kuwa kosa. Mwalimu achukuaye fimbo kabla hajajua kama mwanafunzi amesikia, hamrudi mtoto, anampiga mgonjwa. Na kujua si kazi ngumu. Simama nyuma ya mtoto, hatua chache tu, umzibe sikio moja, kisha sema maneno kwa sauti ya chini naye ayarudie. Jaribu na sikio la pili. Jaribio hilo si cheti cha daktari, lakini lamtosha mwalimu kujua ni nani wa kukalishwa mbele, na ni mzazi yupi wa kuitwa aambiwe, "Mpeleke mwanao akapimwe." Kazi hiyo huchukua dakika tatu, nayo haina gharama.

Na kungoja kuna hasara yake. Akili ya mtoto hujengwa kwa maneno katika miaka yake ya kwanza. Asiyesikia maneno, wala asiyeonyeshwa lugha ya alama, hukosa matofali ya kujengea. Wazazi husema, "Hata mjomba wake alichelewa kusema." Huenda ni kweli, lakini mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka aitwapo jina, asiyeshtuka mlango upigwapo kwa kishindo, asingoje kufanana na mjomba. Apelekwe akapimwe.

Sasa twende kwa watu wazima, maana wao hujiharibia masikio kwa mikono yao wenyewe. Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo sana zenye vinywele, ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Chembe hizo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba sauti ya desibeli 80 mtu aweza kuivumilia kwa saa 40 katika juma zima, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu kwa juma. Baada ya kujua hayo, tazameni vijana wetu wenye spika za masikioni tangu asubuhi hata usiku. Tazameni wenye mashine za kusaga na maseremala wa mashine, wasiotia kitu chochote masikioni. Tazameni ngoma za usiku za mitaani, spika zimepangwa mpaka dirishani pa mama aliyejifungua juzi. Mtu akilalamika huambiwa ana wivu. Kanuni za kuzuia kelele ziko tangu mwaka 2015. Zinazokosekana ni nyuso za kuzisimamia.

Wavuvi nao wana habari yao. Kwa miaka mingi pwani hii imesumbuliwa na baruti za kuulia samaki, ijapokuwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yazikataza. Watu husimulia habari za mikono iliyokatika, na matumbawe yaliyovunjika, na ni sawa wasimulie. Lakini kishindo kile hakikati mikono peke yake. Hupasua viwambo vya masikio, na huua chembe tulizozitaja, hata kwa yule aliyekaa chomboni asiyewasha utambi. Kadhalika wapiga mbizi wanaozama chini wakiwa na mafua, masikio yamezibana, wakalazimisha kushuka, hutoboka viwambo. Mvuvi asiyesikia mwenzake akimwita, asiyesikia mashine ya boti ijayo usiku, bahari haimwonei huruma.

Twafika kwa wazee, na hapa ndipo neno "ni uzee tu" linapofanya kazi yake mbaya. Babu haitiki hodi. Bibi anasalimiwa "Shikamoo" naye hasemi "Marahaba," na kijana huondoka akinung'unika kwamba bibi ana kiburi. Barazani mzee hucheka wenzake wakicheka, lakini hajui wamecheka nini. Hasikii adhana wala kengele, mpaka ashikwe bega. Mwishowe huacha kwenda barazani, hukaa ndani peke yake. Jamaa husema, "Ametulia." La, hakutulia, amefungwa gerezani, na mlango wa gereza hilo ni masikio yake.

Gereza hilo lina magonjwa yake. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakiongozwa na Frank Lin, walitoa habari za watu 639 waliofuatwa kwa muda wa miaka 12 hivi. Waliona kwamba aliyepungukiwa kidogo na kusikia alikuwa katika hatari mara mbili ya kupata ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, uitwao demensia. Aliyepungukiwa kwa kadiri ya kati, mara tatu. Na aliyepungukiwa sana, mara tano. Mwaka uliofuata Lin na mwenzake waliandika tena kwamba hata upungufu mdogo wa kusikia huandamana na kuanguka mara tatu zaidi. Na jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo kama yangeondolewa, karibu 45 katika kila 100 ya maradhi hayo ya akili yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kupungukiwa na kusikia ni katika mambo makubwa yaliyotajwa humo.

Msomaji mwenye busara atauliza, je, mtu akisaidiwa kusikia, akili yake hupona? Tusimdanganye. Jaribio moja la Marekani lililotangazwa mwaka 2023 lilichukua wazee 977, wenye miaka 70 hata 84, nusu wakapewa vifaa vya kusikia. Kwa jumla, baada ya miaka 3, tofauti kubwa haikuonekana. Lakini miongoni mwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kupungua kwa akili kulipunguzwa karibu nusu. Basi hatusemi kifaa ni hirizi ya kuzuia uzee. Twasema kwamba kumwacha mzee bila kupimwa, kwa kisingizio cha uzee, ni kumnyima nafasi ambayo huenda ingalimfaa.

Tena yako madhara ambayo hayataki jaribio la Marekani ili yajulikane. Mzee huambiwa dirishani pa dawa, "Kidonge kimoja mara mbili," naye husikia, "Viwili mara moja," akaona haya kuuliza tena. Mzee avuka barabara ya Bagamoyo na Dar es Salaam, pikipiki yaja kwa nyuma ikipiga honi, naye hana habari. Akigongwa, watu husema, "Alikuwa haangalii." Alikuwa akiangalia mbele, kama watu wote waangaliavyo, sikio ndilo jicho la nyuma, nalo lilikuwa limekufa zamani bila kuombolezwa.

Limebaki neno la tatu. Wazee wetu waliposema, "Sikio la kufa halisikii dawa," walimkusudia mtu asiyekubali shauri. Hawakukusudia kutoa hukumu juu ya wagonjwa wa masikio. Nayo masikio, twawaambia, husikia dawa. Wengine wamezibwa na nta tu, nayo huondolewa na mganga wa hospitali kwa muda mfupi. Wamekaa nusu viziwi miaka kwa ajili ya taka ya sikio! Usaha hutibiwa. Kiwambo kilichotoboka chaweza kuzibwa. Asiyepona hupewa shimesikio, yaani kifaa kidogo cha kukuza sauti. Na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilianza kuwapandikizia watoto viziwi vifaa vya kusikia ndani ya sikio, kazi ambayo zamani watoto walipelekwa India kufanyiwa.

Na kwa yule ambaye hata vifaa havimfai, bado dunia haikufungwa. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, na ile ya Buguruni mwaka 1974. Viziwi wa nchi hii wana chama chao, CHAVITA, na wana lugha yao ya alama, ambayo ni lugha kamili yenye ufasaha wake. Kiziwi aliyefundishwa si mgonjwa wa kuhurumiwa. Ni mtu mwenye lugha nyingine. Aliye katika hatari ni yule aliyekaa kati: hasikii maneno, wala hakufundishwa alama, na watu humwita bubu, au mjinga.

Twajua jibu litakalotolewa. "Bwana mwalimu, sisi ni maskini, na vifaa ni ghali." Ni kweli kwamba vifaa ni ghali, na betri hazipatikani kila duka, na unyevu wa pwani huviharibu. Ni kweli pia kwamba duniani kote, kwa hesabu ya Shirika la Afya, ni watu 17 tu katika kila 100 wanaoweza kufaidiwa na kifaa cha kusikia ndio wanaokitumia. Lakini kumkalisha mtoto mbele ya darasa kwagharimu nini? Kutomwagia mafuta ya moto sikioni kwagharimu nini? Kumtazama mzee usoni unaposema naye, polepole, bila kupiga kelele, kwagharimu nini? Kupeleka mtoto kwenye chanjo ya surua na rubela, ambayo nchi yetu huitoa tangu mwaka 2014? Umaskini una makosa mengi, lakini tusiubebeshe na yale ya uzembe.

Na haya nayo iondoke. Mtu akivaa miwani huambiwa amesoma. Akivaa shimesikio huambiwa ameharibika. Miwani na shimesikio ni ndugu wa baba mmoja. Anayemcheka mwenye kifaa sikioni humrudisha gerezani mtu aliyekwisha kutoka.

Kwa wakubwa wetu nasi tuna haki ya kusema. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba kuongeza dola 1.40 kwa mtu mmoja kwa mwaka kungetosha kueneza huduma za masikio, na kwamba kila dola 1 itakayotumiwa ingerudisha karibu dola 16 katika miaka 10. Mfanyabiashara gani wa Bagamoyo angekataa faida kama hiyo? Basi twataka kila mtoto aandikwapo darasa la kwanza apimwe masikio kama apimwavyo urefu. Twataka kila zahanati iwe na mtu mmoja aliyefundishwa kutazama ndani ya sikio, na chombo cha kutazamia. Twataka mtoto achomwaye sindano kali kama jentamisini, na mgonjwa yeyote apewaye dawa ziwezazo kudhuru masikio, jamaa zake waambiwe dalili za kuangalia. Twataka sheria za baruti na za kelele zisimamiwe, zisibaki makabatini.

Hayo ni ya wakubwa, nao tutawangoja huku tukiwakumbusha. Lakini kazi ya nyumbani haingoji mtu. Wewe baba, jioni ya leo mwite mwanao kwa sauti ya chini, akiwa amekupa kisogo. Wewe kijana, mama yako asipokuitika usikunje uso. Msogelee, umtazame, useme tena, kisha kesho umsindikize hospitali. Wewe mwalimu mwenzetu, weka fimbo chini kwanza, upime masikio. Na sote tujifunze kusema sawasawa: aliyekataa shauri tumwite mkaidi, na asiyesikia tumwite mgonjwa, maana mkaidi hupewa maonyo, lakini mgonjwa hupewa dawa.